Muuaji Hakuwa Mwenye Macho Mekundu

Kitabu kilitufikia bila jalada na bila kurasa nne za mwisho. Jalada lilikuwa limeliwa na mvua. Zile kurasa nne, kwa maelezo ya kijana aliyekileta, zilikuwa zimesokotewa tumbaku. Tulikuwa kwenye kibanda cha kinyozi, njiani kati ya kijiji chetu na kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, miaka ile kambi ikiwa bado imejaa ndugu zetu Warundi. Palikuwa na benchi moja la mbao, kioo kilichopasuka pembeni, koroboi, na msomaji mmoja mwenye sauti. Sisi wengine tulisikiliza. Kila jioni sura mbili, au tatu kama kinyozi hakupata vichwa vingi. Kwenye benchi walikaa wenyeji na wakimbizi, Kiha na Kirundi vikipishana kidogo tu, lakini hadithi ilitembea kwa Kiswahili.

Ilikuwa hadithi ya mauaji. Kila baada ya siku chache mtu anakutwa amekufa mjini Dar es Salaam, kwa namna ileile, na mpelelezi anafika muuaji akiwa ameshaondoka. Jiji zima linaogopana. Tulipofika pale mpelelezi anapowakusanya watu sebuleni, anafuta jasho, anasema sasa nitamtaja, karatasi ikaisha.

Kesho yake tukafanya kile ambacho watu hukifanya siku zote ukweli unapokosekana: tukamhukumu tuliyemwona mbaya. Humo kitabuni alikuwemo mpishi wa hoteli, mzee mwenye macho mekundu, mzito wa salamu, anayeonekana akitembea peke yake usiku wa manane. Benchi likapiga kura. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na mpishi akapata kura kumi na moja.

Kisa hiki nimekitanguliza kwa sababu nataka kuusifu ufundi mmoja ambao haujasifiwa inavyostahili: ufundi wa kutunga riwaya ya upelelezi kwa Kiswahili. Wahakiki wetu wameuweka kwenye kapu la “riwaya pendwa”, mbali na “riwaya dhati”, kana kwamba kitabu kikipendwa na makonda na wauza duka hakiwezi kuwa na uzito. Mimi nasema kinyume. Mtunzi anayejua kumsaka muuaji kwenye karatasi, hatua kwa hatua, bila kumdanganya msomaji na bila kumwonea mhusika, anatufundisha jambo ambalo mahakama, polisi na vijiji vyetu vinalihitaji kila siku. Anatufundisha kusubiri ushahidi.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Sheria ya kwanza ya fundi ni kwamba muuaji lazima awepo tangu mwanzo. Haruhusiwi kuletwa mwishoni kutoka mji mwingine. Lazima awe amekunywa chai na watu, ametoa pole msibani, pengine amesaidia kubeba jeneza. Wazee walishaisema kanuni hii kabla hakijachapwa kitabu chochote: kikulacho ki nguoni mwako. Sheria ya pili ni kwamba dalili lazima ionekane. Tuseme kwenye ukurasa wa kumi na mbili mtunzi anamweleza mtu anayeingia bar: shati la kitenge, viatu vilivyochoka kisigino, saa kwenye mkono wa kulia, kofia. Unapita. Nani ana habari na saa? Kurasa mia baadaye daktari anasema jeraha limepigwa na mtu wa shoto. Moyo unaruka, unarudi nyuma unapekua, na saa iko palepale, kati ya viatu na kofia. Mtunzi hakukuficha kitu. Alikuonyesha, ukaona usichokitazama.

Hapo ndipo taharuki inapozaliwa. Wengi hudhani taharuki ni bastola na magari yanayofukuzana. Bastola husisimua kwa muda mfupi tu. Taharuki yenyewe ni msomaji kujua kwamba jibu liko mikononi mwake na bado hajaliona. Kazi ya mtunzi ni kulichelewesha bila kulipoteza, na kucheleweshwa huko kunamlazimisha msomaji amtazame kila mhusika mara mbili.

Waliotuanzishia walikuwa mafundi wa kweli. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958 kwa riwaya ya Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Alikuwa amemsoma Sherlock Holmes, lakini aliyetuletea ni Bwana Msa: mtu wa Unguja, kiko mdomoni, rafiki yake Najum ubavuni, anayefikiri kabla ya kunena. Utazame ujasiri wa mwanzo ule. Maiti inakutwa kwenye mzimu, mahali ambapo kila mtu angekuwa na jibu tayari: ni mambo ya mizimu, tuondokeni. Bwana Msa haondoki. Hawadharau wanaoamini, lakini anauliza maswali ya kibinadamu: nani alikuwa wapi, nani alikuwa na sababu, nani anasema uongo. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilianza safari yake kwa kulikataa jibu rahisi.

Akafuata Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo mwaka 1965, akauhamishia upelelezi bara, kwenye simu na barabara. Bwana Msa naye aliendelea na Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu na Siri ya Sifuri. Kisha likaja kundi la miaka ya sabini na themanini, na humo sisi wa Kigoma tuna cha kujivunia, kwa kuwa Ben Mtobwa alikuwa mwana wa mkoa wetu. Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alitupa Joram Kiango, mpelelezi wa kujitegemea ambaye Inspekta Kombora wa polisi humhitaji na kumshuku kwa wakati mmoja. Alijua pia kukichagulia kitabu jina. Najisikia Kuua Tena: maneno matatu, na tayari muuaji anaongea nawe. Lile “tena” ndilo linalouma. Linakwambia ameshaua, hajatosheka, na wewe uliyeshika kitabu una muda mfupi wa kumjua.

Sasa nitoke kitabuni nirudi Kasulu.

Kuna methali tunayoipenda kupita kiasi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri ya kumwonya mtu asipuuze tetesi. Lakini nimeiona ikigeuzwa kuwa hati ya mashtaka, ushahidi na hukumu kwa mpigo. Oktoba 2014, katika kijiji cha Murufiti, wilayani Kasulu, watu saba waliuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kuchomwa moto. Wengi wao walikuwa wazee. Polisi walikamata watu 23. Saba kwa mara moja: hakuna muuaji wa riwaya niliyemsoma aliyeua watu wengi hivyo katika tukio moja. Na hapo muuaji hakuwa mtu aliyejificha. Alikuwa kundi, na kila mmoja ndani yake aliamini kwamba anamsaka muuaji.

Huo ndio msiba wa kila mtu kujichukulia sheria mkononi. Huanza na hofu ya kweli. Mtoto amekufa ghafla, ng'ombe wameisha, duka limevunjwa mara tatu. Watu wanataka jina. Katika vijiji vya mkoa wetu kuna wale wanaoitwa kamchape, wanaopita nyumba kwa nyumba wakidai kufichua na kutoa uchawi. Anayekuja kwa kazi hiyo hafiki na swali. Anafika na jibu. Mpelelezi wa riwaya hufika hajui, na kwa sababu hajui anaangalia chini, anapima nyayo, anamsikiliza hata mtoto. Huko Kanda ya Ziwa tumesikia kwa miaka mingi habari za vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho ya bibi aliyepika miaka sitini kwa kuni, ndani ya jiko lisilo na dirisha, yatakuwa na rangi gani? Dalili ilikuwepo. Waliisoma vibaya, na hawakuwa na mtunzi wa kuwarudisha nyuma wapekue.

Sisemi kwamba wananchi hawana sababu ya kujilinda. Sungusungu walianza mwanzoni mwa miaka ya themanini huko Usukumani na Unyamwezini kwa kuwa wezi wa mifugo walikuwa wamewashinda watu, na mwaka 1989 sheria ikawatambua na kuwapa uwezo wa kukamata. Hata kambini Mtabila walikuwepo vijana walioitwa sungusungu, wakimbizi wenyewe, wakilinda usiku kwa filimbi na rungu. Niliwaona wakimpitisha mwizi wa kuku mbele ya kibanda chetu, wamemzunguka, wasimguse. Nilidhani wamemzunguka asikimbie. Baadaye nikaelewa kwamba walikuwa pia wanawazuia watu wasimfikie. Kukamata ni kazi moja na kuhukumu ni nyingine, na kijana yule mwenye rungu alilijua hilo.

Magazeti yetu yana maneno yake ya kudumu kwa wale wasiolijua: “wananchi wenye hasira kali”. Tumeyasoma mpaka yamekuwa kama jina la mhusika. Hasira kali haina uso, haina anwani, haisimami kizimbani. Na mara nyingi huondoka na kitu tulichokihitaji kuliko damu: maelezo.

Mfano mkubwa wa karibuni uko kwa jirani zetu Kenya. Julai 2021 polisi walimkamata kijana wa miaka 20, Masten Wanjala, aliyekiri kuua watoto zaidi ya kumi katika kipindi cha miaka mitano. Oktoba mwaka huohuo, siku aliyotakiwa kufikishwa mahakamani, ikagundulika ametoroka mahabusu ya kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Nchi nzima ikamsaka. Siku mbili baadaye, tarehe 15 Oktoba, wananchi wa huko kwao Bungoma walimtambua, wakamuua. Nani asiyeielewa hasira yao? Mimi naielewa. Nina watoto. Lakini fikiria mama aliyeketi kusubiri kesi ili asikie mwanawe alikwenda vipi, wapi, na kama kulikuwa na mtu mwingine aliyejua akanyamaza. Kesi ile ilikufa pamoja na mtuhumiwa. Kitabu kilifungwa kurasa nne kabla ya mwisho, na hakuna nakala nyingine sokoni.

Kukiri nako si ukurasa wa mwisho. Julai 2024 miili ya wanawake iliyokatwakatwa ilipatikana kwenye dampo la Kware, Nairobi, ndani ya machimbo ya mawe yaliyoachwa. Polisi wakatangaza kwamba mtu waliyemkamata amekiri kuua wanawake 42. Wakili wake akasema mteja wake aliteswa ili akiri. Mwezi uliofuata mtuhumiwa akatoroka kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine. Mtunzi yeyote wa upelelezi aliyeiva angekwambia hapo ndipo pa kuanza kuuliza, si pa kumaliza. Ungamo bila dalili za kuliunga mkono ni neno tu, na neno linaweza kumtoka mtu kwa fimbo.

Najua jibu la msomaji aliyewahi kuibiwa. Atasema: wewe unazungumzia subira, na mimi nilimpeleka mwizi kituoni Ijumaa, Jumatatu nikakutana naye sokoni ananichekea. Ni kweli. Na ufundi huu haukuikwepa hoja hiyo. Elvis Musiba alikipa kimoja cha vitabu vyake jina la Kikosi cha Kisasi, na jasusi wake, Willy Gamba, haendi vitani na hati ya mashtaka mkononi. Joram Kiango naye anakuwepo kwa sababu mikono ya Inspekta Kombora haifiki kila mahali. Tulipoyasoma hayo tulishangilia, kwa kuwa kila mmoja wetu ana mtu anayetamani Willy Gamba amtembelee. Kisasi kitabuni ni kitamu, na mtunzi asiyeijua ladha yake hawezi kuandika hadithi ya kumsaka muuaji.

Lakini angalia mtunzi mzuri anakiruhusu wakati gani. Hampi shujaa wake ruhusa ya kufyatua risasi kwenye ukurasa wa tano. Anamzungusha kwanza. Anamwonyesha washukiwa wasio na hatia, anamfanya akosee, anamfanya aone haya. Kufikia mwisho, msomaji ameshapitia ushahidi wote na anajua kwa hakika anayekufa ni nani. Hakika hiyo ndiyo ambayo mtaa hauna. Mtunzi huwa nayo kwa sababu ameumba kila kitu. Sisi hatukuumba kitu, kwa hiyo tunadaiwa subira zaidi yake. Riwaya ya kisasi inayompa msomaji raha ya kuua bila taabu ya kuthibitisha ni kazi mbovu, hata iuze nakala nyingi kiasi gani. Ile inayokufanya uone uzito wa kutokuwa na hakika, hata mpelelezi anapokuwa na bastola, imetimiza wajibu wake.

Pale Mtabila niliuona ufundi huohuo ukifanywa na watu wasioandika. Warundi walikuja na taasisi yao ya wazee, bashingantahe, watu wanaoheshimiwa kwa kusikiliza kuliko kwa kusema. Jina lao linatokana na intahe, fimbo ya haki inayogongwa ardhini wakati wa kuamua. Nilimshuhudia mzee mmoja wa aina hiyo akisikiliza ugomvi wa turubai lililopotea. Aliyelalamika alisema kwa muda mrefu, kwa machozi, na ushahidi ulionekana kutosha. Vijana wakaanza kunung'unika, wanataka hukumu. Mzee akachora mstari mavumbini kwa ncha ya fimbo, akatulia, akamgeukia mtuhumiwa na kumwomba aeleze jana yake kuanzia alipoamka. Kuanzia alipoamka! Ndivyo anavyouliza Bwana Msa. Mahali pale, kwa watu waliokimbia nchi ambamo jirani alimuua jirani kwa sababu ya jina la kabila, kusikiliza upande wa pili hakukuwa adabu tu. Kulikuwa njia ya kubaki hai.

Kwa hiyo ninapomwona kijana wa Kasulu au Kibondo ameinama juu ya riwaya chakavu ya upelelezi, siwezi kumwambia aiache asome kitu cha maana. Anajifunza kwamba mtu mwenye sura mbaya anaweza kuwa mwema. Anajifunza kwamba aliyelia kwa sauti kubwa zaidi msibani anaweza kuwa ndiye. Anajifunza kurudi nyuma na kusoma upya. Anajifunza kutofautisha alichokiona na alichoambiwa. Shule ikimfundisha hayo kwa njia nyingine, ni vizuri, lakini sijaona inayomfanya ayasome usiku kwa hiari yake.

Ombi langu kwa watunzi vijana wa mkoa huu ni moja. Mtobwa aliwapeleka wasomaji Dar es Salaam usiku. Nyinyi turudisheni huku, kwenye barabara ya vumbi jekundu, kwenye baridi ya asubuhi ya Kasulu, kwenye kijiji ambako kila mtu anajua na hakuna anayesema. Andikeni riwaya ya kumsaka muuaji ambapo muuaji ni kundi. Mpeni mpelelezi kazi ngumu kuliko zote, ya kuwauliza watu wazuri, mmoja mmoja, nyumbani kwao, usiku ule walikuwa wapi. Wekeni dalili mapema. Msimwonee bibi mwenye macho mekundu, hata kama msomaji anataka.

Kile kitabu nilikipata tena baada ya miaka mingi, kwenye meza ya vitabu vya mtumba jijini Dar es Salaam. Nilikitambua kwa sentensi ya kwanza, maana nilikuwa nimeisikia kwa sauti ya yule msomaji wetu. Nilikinunua, nikasoma zile kurasa nne nikiwa nimesimama juani. Kisha nikarudi nyuma kupekua, na dalili ilikuwepo tangu sura ya tatu, sentensi moja ambayo tuliisikia sote tukaipita: jiko la hoteli halikuwa na bomba la moshi. Na matembezi ya usiku yalikuwa ya kwenda hospitali, kwa mkewe aliyelazwa.

Kufikia siku hiyo nilikuwa sina wa kumwambia. Hadhi ya ukimbizi ya watu wengi wa Mtabila ilifutwa Agosti 2012, na Desemba mwaka huo kambi ikafungwa; leo pale ni kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Benchi letu lilitawanyika, wengine wakarudi Burundi, kinyozi akiwemo. Hadithi waliondoka nayo ikiwa nusu, na mpishi wakaondoka naye akiwa na hatia. Kama wewe unayesoma hapa ulikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja, popote ulipo, naomba uifute kura yako kama nilivyoifuta yangu. Mpishi hakuua mtu.